Jibu Lililobaki Kwangu

Mbeya,
12 Januari 1998

Mzee Gaudensi,

Shikamoo. Ni mimi Kheri, mtoto wa marehemu Mzee Halfani. Mara ya mwisho tulionana kwenye arobaini ya baba. Niliona umekonda sana, nikaona vibaya kukuuliza mbele ya watu unaumwa nini. Mama anakusalimu. Anasema pilau siku ile uliigusa tu, hukula.

Nakuandikia kwa habari ya mashine yetu ya kusaga. Tangu baba afariki naiendesha nikiwa huku Mbeya, na kwa mvua za mwaka huu barabara ya Tunduma hainipi nafasi ya kuja mara kwa mara. Hali imebadilika, mzee. Zamani mashine yetu ilitawala mji mzima wa Sumbawanga. Leo Katandala peke yake ina mashine ndogo kila mtaa, na unga wa pakiti unaletwa mpaka sokoni. Nafikiria kufunga usagaji na kubakiza ghala tu, tununue mahindi huko tuyasafirishe yakiwa nafaka. Wachekechaji, washonaji wa magunia na wabebaji wengi hawatakuwa na kazi.

Sitaki kuwashtukiza watu. Tawi la chama cha wafanyakazi lilikufa pale baba alipoinunua mashine kutoka kwa shirika la umma, na kamati ya wafanyakazi ikafa nalo, kwa hiyo hakuna wa kuniambia nifuate utaratibu gani. Lakini baba alikuwa na utaratibu wake wa kushauriana nao. Alinisimulia mkutano wa mwaka 1994, alipopunguza wabebaji: aliwaeleza, wakamsikiliza, wakampigia makofi. Hakuna aliyegoma wala aliyekwenda kwa Afisa Kazi. Aliniambia, "Watu wa Ufipa waungwana. Ukiwauliza vizuri wanakubali." Na alisema ni wewe, karani wake wa ghala, uliyekaa kati yake na wao.

Naomba uje ukae kati tena. Nitatuma gari likuchukue hapo kwako Malangali.

Kijana wako,
Kheri Halfani


Malangali, Sumbawanga,
27 Januari 1998

Mwanangu Kheri,

Marahaba. Barua yako imeletwa na kondakta wa basi, imelowa pembe moja lakini inasomeka.

Gari usitume. Siwezi kukaa kwenye kiti mpaka misa iishe, sembuse mkutano. Ni ini. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Kabla ya kuwa karani nilifundisha shule miaka mingi, na najua mwalimu anapoacha kumuuliza mwanafunzi maswali maana yake nini.

Padre amekwisha kunisikia. Lakini yapo maneno ambayo si haki kumwambia padre peke yake, kwa sababu aliyeibiwa ni mtu mwingine. Wewe umeyafungulia mlango kwa barua yako, basi yapokee.

Mkutano ule wa baba yako haukuwa umekwisha.

Nyumbani kwenu mlisema Kiswahili, na ulipelekwa shule mapema. Bila shaka uliwaona wanawake wetu wa Kifipa wakichuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, walipokuja dukani kwenu. Ulidhani ni salamu, na ni salamu kweli. Lakini makofi yale yale hupigwa mkubwa anapomaliza kusema, hata kama amesema jambo la kuumiza. Maana yake ni kwamba maneno yake yamefika. Baada ya hapo watu hurudi nyumbani, hukaa, huzungumza, na jibu huletwa siku nyingine na mtu waliyemtuma. Kumjibu mkubwa papo hapo ni kama kumwambia kwamba maneno yake hayakustahili kufikiriwa.

Siku ile baba yako alipanda juu ya mizani ya magunia ili aonekane na watu wote. Alisema kwa upole. Alisema biashara ni ngumu, wabebaji wengi itabidi waende, na kwamba hataki kufanya jambo bila kushauriana nao. Alipomaliza, Isdori, mkubwa wa wabebaji, alichuchumaa akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Uso wa baba yako ulifunguka. Nadhani alikuwa ameogopa sana kabla ya hapo.

"Mwalimu," akaniuliza, "wamekubali, siyo?"

Nikasema, "Wamekusikia, mzee."

"Alhamdulillahi."

Aliyebaki wima ni Masunga peke yake, yule Msukuma. Akasema, "Bosi, mimi sijakubali kitu."

"Wenzako wote wamepiga makofi, Masunga. Hukusikia?"

"Nimesikia. Hawa Wafipa hata ukiwachapa bakora, kwanza watakupigia makofi!"

Watu wakacheka. Isdori akamwambia, "Kaa chini wewe, ng'ombe wako wanalia huko nje." Wakacheka zaidi, na baba yako akacheka nao, akashuka kwenye mizani. Mkutano ukavunjika kwa kicheko. Masunga alinitazama akingoja niseme neno. Mimi nikajifanya nakung'uta unga kwenye mkono wa shati.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, pengine ningekufa bila kukuandikia. Sikuishia hapo.

Jumapili baada ya misa walikaa nyumbani kwa Isdori, kule Mollo. Jioni Isdori akaja kwangu. Alikuwa amenywa kidogo, lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka. "Mwalimu, tumekutuma. Mwambie mzee hivi: asimwondoe mtu. Tugawane zamu, wiki hii kundi hili, wiki ijayo lile, na mshahara tugawane hivyo hivyo. Kila mtu, kuanzia mlangoni mpaka ofisini. Wiki ya kukaa nyumbani mtu atapiga matuta shambani kwake. Njaa ya nusu tunaiweza."

Lilikuwa jibu zuri, Kheri. Nilizijua hesabu za ghala lile. Baba yako asingepoteza kitu.

Nikamwambia Isdori, "Nitalifikisha."

Asubuhi niliingia ofisini nikiwa nalo mdomoni. Baba yako alikuwa na wageni wawili, anawasimulia jinsi wafanyakazi walivyompigia makofi. Alikuwa na furaha ya mtoto. Nikaona kwamba nikilitoa lile jibu ataniuliza mbele yao, "Basi wewe uliniambia nini?" Hiyo ni sababu moja, na ndiyo niliyojisemea kwa muda mrefu kwa kuwa inafanana na adabu. Ya pili ni hii: Isdori alisema kila mtu, mpaka ofisini. Makarani hatukuwa kwenye punguzo. Kwa jibu lao, na mimi ningebaki na nusu.

Nikamsalimu baba yako, nikachukua funguo za ghala, nikatoka.

Mwisho wa wiki ile waliosimamishwa walikuta getini mlinzi mgeni aliyewazuia kuingia. Isdori alinivizia nikienda kula. "Mwalimu, amelikataa?"

Nikamwambia, "Amelikataa."

Nimekuandikia neno lile kama lilivyo. Baba yako hakuambiwa lolote. Alichopata kutoka mdomoni mwangu ni salamu tu. Na watu wale walimchukia mpaka anaingia kaburini kwa jibu ambalo hakulitoa. Isdori amefariki mwaka juzi akiamini hivyo. Masunga alihamia bondeni na mifugo yake, sijui yuko wapi.

Usifanye mkutano kama ule. Na usiniite mimi nikae kati.

Gaudensi


Mbeya,
9 Februari 1998

Mzee Gaudensi,

Shikamoo.

Siku ya mazishi mama aliniuliza, "Mbona wabebaji hawakuja? Hata mmoja?" Nilimwambia ni mvua. Mvua haikunyesha siku ile, mzee. Ulikuwepo. Ulisimama nasi makaburini ukiwa na kofia yako mkononi, ukapewa mkono wa pole, na ulikuwa unajua kwa nini hawakuja.

Sikumsomea mama barua yako. Sijui kama nitamsomea. Baba alikutaja wewe kama mtu wake mwaminifu mpaka siku za mwisho. Sasa unaniambia nisifanye mkutano vibaya. Wewe!

Nimekaa na barua hii siku kadhaa ndipo nikaijibu. Swali moja linanisumbua: ungelimwambia, angelikubali?

Mkutano nitaufanya mwezi ujao. Nitawaambia mapema kwamba makofi sitaki. Anayekubali atanyoosha mkono, asiyekubali ataacha, tutahesabu, kwisha.

Kheri


Malangali,
20 Februari 1998

Mwanangu,

Una haki ya kila neno.

Unauliza kama angelikubali. Sijui. Nimelala hapa nikilitafuta jibu la baba yako kwa mchana mzima, siku nyingine namsikia anacheka na kusema, "Kwa nini hamkuniambia mapema?" siku nyingine namsikia ananifukuza ofisini. Yote mawili nayatunga mimi. Kumbe sikuwaibia wabebaji tu, nilimwibia na yeye nafasi ya kuwa mwema, au ya kuwa mbaya, kwa jina lake mwenyewe.

Mkono wangu unachoka, nitasema machache.

Makofi usiwakataze. Mtu akikatazwa kukuheshimu atakuogopa, na anayekuogopa atanyoosha mkono hata ukimuuliza kama jua limezama mchana. Waache wapige. Kisha unyamaze. Wape siku za kwenda nyumbani, na uwaambie utakuwepo mjini mpaka warudi. Msemaji wamchague wao, asitoke ofisini. Yupo Herieth, mshonaji wa magunia, jirani yangu hapa, ndiye ananifulia nguo na kunipikia uji. Simpendekezi, maana si kazi yangu tena kupendekeza. Nasema tu kwamba watu kama yeye wapo na wanajua kusema.

Na usiende ukiwa na uamuzi tayari mfukoni. Kama umekwisha kuamua, waambie umeamua. Itauma, lakini watakuwa wameheshimiwa. Ukiwauliza jambo ambalo limekwisha kupita, umewafanya watoto.

Nina ombi. Wakikupa jibu, niandikie lilikuwaje, na wewe ulilifanyia nini. Nitajitahidi kungoja.

Gaudensi


Sumbawanga,
16 Machi 1998

Mzee wangu,

Shikamoo sana. Naandika nikiwa hapa hapa ofisini kwa baba. Nilitaka kuja kwako mwenyewe lakini Herieth amesema umelala toka jana na nisikuamshe, basi nampa yeye barua hii akusomee.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliwaeleza, wakachuchumaa, wakapiga makofi, na mimi nikanyamaza. Ni kazi ngumu kunyamaza, mzee! Nikawaambia waende wakakae, nami niko mjini. Walinitazama kana kwamba nimesema Kiarabu. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo bado hujafunga?" Nikasema wanijibu kwanza.

Leo wamerudi, na wamemtuma Herieth kweli. Hakupanda juu ya kitu chochote. Alisimama karibu na mlango akasema, "Bosi, tumetumwa. Mashine kubwa funga, tumeona inakula dizeli kuliko inavyosaga. Lakini ile ndogo iliyo kando yake usiiondoe. Tukodishie sisi. Tutasaga sisi, tutatengeneza sisi, kodi yako utaikuta. Tukishindwa mpaka mavuno ya mwakani, njoo uichukue, hakuna atakayekulaumu."

Mtu akapaza sauti huko nyuma, "Na bosi akileta mahindi yake atapanga foleni kama wenzake!" Tulicheka wote, mzee. Nikakumbuka kicheko ulichoniandikia, nikajiambia hiki ni kingine.

Nimewaambia nimewasikia na nitawaletea jibu. Pumzika sasa. Yale ya zamani tuyaache kwa Mungu. Mama pia nimemsomea barua yako. Alilia, kisha akasema nikupelekee asali.

Mwanao,
Kheri


Mbeya,
2 Aprili 1998

Mzee Gaudensi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Kila nilichokuandikia kuhusu mkutano ni kweli. Lakini kuna jambo sikuliandika. Mashine zote mbili niliziuza Desemba, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Aliyenunua ni mfanyabiashara wa Tunduma, na malipo ya awali nimekwisha kuyatumia kwenye lori. Niliposema "nafikiria kufunga" nilikuwa nimefunga. Nilichotaka kwako ni yale makofi tu, kama aliyopata baba.

Uliponiandikia nisiende na uamuzi mfukoni, nilidhani umejua. Nilikwenda Tunduma kumwomba mnunuzi avunje mkataba. Akakataa. Nikafanya mkutano hivyo hivyo, nikijidanganya kwamba labda hawatakuwa na jibu la maana, na kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Kisha Herieth akasimama pale mlangoni akasema alichosema, na jibu lile lilikuwa zuri. Nilirudi tena kwa mnunuzi nikamwomba aniachie ile ndogo tu. Akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Fundi atakuja baada ya Pasaka kufungua mashine. Sina uso wa kusimama mbele yao. Naomba uwaambie wewe, mzee. Wanakuheshimu. Waite hata wachache hapo nyumbani kwako, uwaeleze polepole kwa namna yao. Likitoka kwako watalipokea.

Nisamehe.

Kheri


Malangali, Sumbawanga,
19 Aprili 1998

Bosi Kheri,

Mimi ni Herieth. Mzee Gaudensi alifariki Jumapili ya Matawi, asubuhi, watu wakiwa kanisani. Tulimzika Jumanne. Barua yako ya tarehe mbili imefika baada ya mazishi. Nimeifungua kwa sababu mzee aliniambia barua zako zote nizifungue mimi, macho yalikuwa yamemwishia.

Ile ya mwezi wa tatu nilimsomea mara nyingi. Alikuwa akifika pale pa foleni ananiambia, "Rudia hapo." Asali aliilamba kidogo. Amekufa akijua kwamba tuliulizwa, na sitaki kujua ingekuwaje kama basi lingewahi.

Siku chache kabla hajafa alinituma Mollo nikamwite mjane wa Isdori. Yule mama alikuja, akaketi kwenye mkeka. Mzee akamwambia kwa Kifipa, "Halfani hakulikataa jibu lenu. Mimi sikumpelekea." Akamwambia na sababu, zote mbili. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akachuchumaa, akapiga makofi, akaenda zake. Tangu hapo mzee alikuwa akisikia mlango unagongwa ananiuliza, "Ni yeye?" Hakuwa yeye. Mazikoni pia sikumwona.

Nayaandika haya kwa kuwa ulimwomba mzee atuambie habari zako, na mzee hayupo. Nimesoma mara ya pili nikaelewa kwamba anayefuata ni mimi, kwa sababu ndiye niliyeshika barua.

Bosi, mimi nilitumwa na watu kuja kwako. Sikutumwa na wewe kwenda kwa watu. Kila asubuhi getini wananiuliza, "Herieth, jibu?" Nawajibu, "Mwenyewe atakuja kulisema." Zaidi ya hapo sijasema, na sitasema umekubali wala umekataa. Mume wangu Meshack ananiambia nawatesa watu bure, bora niwaambie wakatafute vibarua. Huenda ana haki. Lakini nimeona jinsi mtu anavyokufa na jibu la watu tumboni, na mimi nina watoto wadogo.

Fundi wa Tunduma alifika jana na spana zake. Hakuna aliyemgusa. Wamempa uji, wamempa na kigoda. Ila wamekaa wote kwenye mlango wa chumba cha mashine, wanaume kwa wanawake, wamejaa mpaka nje kwenye matope. Fundi akasema, "Jamani, hii mashine imeuzwa zamani, hamkuambiwa?" Watu wakanigeukia mimi. Mzee mmoja wa ghalani akamjibu, "Sisi tulipeleka neno, mwanangu, na mwenye kulijibu alisema atakuja. Hatuwezi kuondoka kabla hajafika, atatuona hatuna adabu."

Leo asubuhi bado wamekaa. Mvua zimepungua, na basi la Mbeya linafika hapa kabla ya magharibi. Panda, uje.

Herieth Meshack